Kumtetea Mshitakiwa: Jee, ni Kusaidia Dhambi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu asiyedhulumu hata uzito wa chembe. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Newala na Masasi, wa Mtwara na Lindi, na wa pwani yote, limetufikia hapa Kitangari suala ambalo tumeona halifai kujibiwa barazani kwa maneno mawili matatu, kwa kuwa linawagusa wengi. Muulizaji asema hivi: Mwanangu amesoma sheria za serikali mpaka akawa wakili. Hakutaka kazi ya benki wala ya kampuni. Amejitia katika kuwatetea watu walioshitakiwa kwa makosa ya jinai, tena wengi wao ni maskini, na wengine hawatoi malipo yoyote. Majirani huniambia kwamba mwanangu ni mlinzi wa wezi na wauaji, na kwamba fedha anayoniletea nisiitie katika safari ya Hija. Jee, wasemayo ni kweli?

Hili ni suala zito. Ndani yake mna heshima ya mzazi, na riziki ya mtoto, na juu ya yote mna roho za watu walio katika mahabusu ambao hawana wa kuwasemea. Nasi tutalijibu, inshaallah, kwa kutazama kwanza hoja ya wanaokataza, kisha tutazame kazi yenyewe ni nini, kisha tuseme mipaka yake, kwani hapana kazi iliyo halali isiyokuwa na mipaka.

Wanaokataza wanayo hoja, wala si hoja ya kupuuzwa. Husema kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 105, amemkataza Mtume wake (S.A.W.) kuwa mtetezi wa wafanyao khiyana. Na katika aya ya 109 ya sura hiyo hiyo, wameulizwa waliowatetea watu hao hapa duniani, ni nani atakayewatetea Siku ya Kiyama. Basi, husema, ikiwa Mtume amekatazwa, wakili wa Newala ataruhusiwaje?

Lakini ewe msomaji, aya haisomwi ikaachwa sababu ya kushuka kwake. Wafasiri wametaja khabari iliyo mashuhuri: mtu mmoja wa Madina, wa ukoo wa Ubayriq, aliiba dereya. Alipoona anakaribia kujulikana, aliipeleka dereya ile nyumbani kwa Yahudi mmoja, kisha tuhuma ikamwangukia Yahudi yule. Jamaa za mwizi wakamwendea Mtume (S.A.W.) wakamsemea mtu wao kwa maneno mazuri, na huku wengine wao wanajua kweli ilivyo. Dalili ya macho ilikuwa juu ya Yahudi, kwani dereya imeonekana kwake. Hapo ndipo ziliposhuka aya hizi kumtoa Yahudi katika tuhuma, na kuwafedhehi waliomtupia asiye na hatia dhambi yao wenyewe, kama inavyoelezwa katika aya ya 112.

Tazama basi, ndugu yangu, aya ambayo twaitumia kumkataza mtu asimtetee mshitakiwa, yenyewe imeshuka kwa kumtetea mshitakiwa! Na mshitakiwa huyo hakuwa Muislamu, wala hakuwa na ukoo wenye nguvu, wala hapakuwa na mtu wa kumsemea pale mjini. Walioharimishiwa utetezi ni wale waliojua khiyana ya mtu wao wakaificha, wakaipamba kwa ulimi, wakaitwika juu ya mwengine. Huo ndio utetezi wa haramu. Ama kumsimamia mtu ambaye jambo lake halijajulikana, ili lijulikane, hilo ni jambo jengine kabisa, na atakayeyachanganya haya mawili atakuwa amechanganya ugonjwa na dawa.

Kosa la majirani ni katika jina. Wao humwita mwizi mtu ambaye ameitwa mwizi tu. Sharia imetufundisha kwamba dai na hukumu si kitu kimoja. Katika hadithi arubaini za Imamu Nawawi, ambazo watoto wetu wa madrasa huzihifadhi, ile ya 33 yatueleza kwamba lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai mali za wenzao na damu zao; kwa hiyo ushahidi uko juu ya mwenye kudai, na kiapo kiko juu ya mwenye kukana. Mtoto huisoma asubuhi hadithi hii, kisha jioni humwona baba yake akikimbia na fimbo nyuma ya kijana aliyepigiwa kelele ya mwizi. Basi mtoto atashika lipi, alilolisoma au aliloliona?

Sisi wenyeji wa nchi hii ya juu ya Makonde twajua wakati wa msimu wa korosho hali inavyokuwa. Mtu akikutwa usiku na gunia begani, mawe hutangulia kabla ya suala. Hakuna anayeuliza gunia ni la nani, wala limetoka shamba gani, wala mbebaji ametumwa na nani. Na wangapi wameuawa hivyo katika miji ya Tanzania, kisha jambo likaandikwa kwamba wameuawa na wananchi wenye hasira! Hasira haina macho, wala haina masikio, wala haitoi hati ya hukumu. Na aliyeuawa akiisha kuzikwa, hata akidhihirika kuwa hana hatia, hapana rufaa.

Nabii Yusuf (A.S.) alishitakiwa na mwanamke mwenye cheo, katika nyumba yenye cheo. Lililomwokoa na uwongo ule ni mtu mmoja wa jamaa za mwanamke yule aliyesema: tazameni kanzu imechanwa upande gani. Hakusema Yusuf ni mwema, alisema tazameni. Na hiyo ndiyo kazi ya mtetezi: kuwazuia watu wenye haraka na kuwaambia tazameni kanzu. Pamoja na hayo Yusuf alifungwa, na alipoitwa na mfalme atoke gerezani hakukubali kutoka mpaka jambo lake lichunguzwe tena, kwani alitaka kutoka hali ametakasika, si kutoka kwa fadhila tu.

Na Mtume (S.A.W.) alipompeleka Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimuusia asihukumu kati ya watu wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wako wafasiri waliosema kwamba jaribio la Nabii Daud (A.S.) katika Suratu Saad, katika khabari ya kondoo 99, lilikuwa ni kusema hukumu kabla hajamsikiliza mshitakiwa. Ikiwa hayo yameelezwa juu ya Nabii, sembuse juu ya hakimu wa leo mwenye mafaili mia mezani?

Huenda mtu akasema: Sawa, mshitakiwa asikilizwe; lakini na aseme mwenyewe, ana ulimi wake. Twamjibu: ndimi hazikuumbwa sawa. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alikuwa na dai la kuua juu yake, naye alisema wazi kwamba ana khofu watamuua kwa dai hilo. Jee, aliomba nini? Aliomba nduguye Harun awe pamoja naye, kwa kuwa Harun ni fasaha kuliko yeye. Mwenyezi Mungu hakumwambia ulimi wako watosha, alimpa Harun. Basi ikiwa Kalimullah ameomba msemaji mbele ya mwenye nguvu, vipi tumwambie mkulima wa Kitangari, asiyejua kifungu wala kanuni, asimame peke yake mbele ya mwendesha mashitaka aliyesoma, na askari wa upelelezi, na karatasi asizoweza kuzisoma? Tena kwa miaka mingi kumbukumbu na hukumu za mahakama kubwa zilikuwa kwa Kiingereza. Ni katika mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za Tanzania. Kabla ya hapo mtu aliweza kuhukumiwa kifo kwa maneno ambayo hakuyafahamu mpaka atafsiriwe.

Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kumwakilisha mtu katika ugomvi wa haki ni jambo lililojuzu, akiridhi khasimu au asiridhi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali mwenyewe, pamoja na ufasaha wake, alikuwa akimweka nduguye Aqil amsimamie katika mashauri, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullahi bin Jaafar. Tena hili si geni kwa mila za nchi yetu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba ndiye husimama na mpwa wake penye shauri. Husema naye hukubali fidia. Wakili ni mjomba wa yule ambaye wajomba zake hawaijui njia ya mahakamani.

Sasa tutazame yaliyopita katika nchi zetu, ili mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895, na mwembe aliotundikwa wakauita Mwembe Kinyonga. Aliyempiga vita ndiye aliyemhukumu. Na palipo na hakimu ambaye ndiye khasimu, hukumu huwa imekwisha kabla ya shauri kuanza.

Lakini tusiwasingizie wageni peke yao. Zanzibar, baada ya Mapinduzi, ziliwekwa Mahakama za Wananchi, zilizofanya kazi tangu mwaka 1970 mpaka zilipoondolewa mwaka 1985, na katika mahakama hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Mzee Abeid Amani Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walishitakiwa kwa khiyana, na shauri likaendeshwa mwaka 1973 na 1974. Washitakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Mwanasheria Mkuu aliyeshitaki ndiye huyo huyo aliyewekwa kuwasemea. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo hali yeye yu kifungoni Bara, hakupelekwa mbele ya mahakama ile; naye akaachiliwa mwaka 1978. Hatusemi hapa nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo. Kuuawa kwa kiongozi ni jambo kubwa, na damu ya Mzee Karume ilikuwa na haki ya kutafutiwa aliyeimwaga. Bali twasema kwamba kwa sababu shauri halikuwa na mtetezi, hata wale waliokuwa na hatia kweli hawakuthibitika hatia yao mbele za watu mpaka leo. Wazee wa Unguja wangali wakigombana barazani juu yake. Hiyo ndiyo hasara ya mahakama isiyo na mtetezi: humdhulumu asiye na hatia, na humnyima aliyeuliwa haki ya kujulikana kweli aliyemuua.

Pima hayo na shauri la Dar es Salaam la mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilimshitaki Julius Nyerere kwa maandishi ya kuwavunjia heshima mabwana wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili wa Kiingereza ambaye tangu mwaka 1952 alikuwa amemtetea Jomo Kenyatta na wenziwe kule Kapenguria, na pamoja naye wakasimama mawakili wa Dar es Salaam, Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Nyerere alionekana ana hatia, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, na faini ikalipwa. Watetezi wake walishindwa, na hata hivyo kila mtu alijua kilichosemwa pande zote mbili, na nchi ikasonga mbele. Kushindwa katika shauri lililosikilizwa ni bora kuliko kushinda katika shauri lililozibwa mdomo.

Wakatokea vile vile katika watu wetu waliofanya kazi hii kuwa umri wao. Profesa Haroub Othman wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2009, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye mwaka 1992 alianzisha Zanzibar Kituo cha Huduma za Sheria, ili asiye na fedha apate wa kumsemea. Sheria ya serikali nayo imekwenda njia hiyo. Tangu mwaka 1969 palikuwa na sheria ya kuwapa mawakili washitakiwa wasioweza kulipa, na mwaka 2017 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyo pana zaidi, ambayo imewatambua hata wasaidizi wa sheria wa vijijini. Na Katiba yetu, katika ibara ya 13, imekataza mshitakiwa kutendewa kama mkosa kabla hatia yake haijathibitika. Huu ndio mwendo wa hadithi ya 33 umevaa kanzu nyingine.

Lakini maandiko ni kitu kimoja na matendo ni kitu chengine. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashitaka ya ugaidi, mpaka mashitaka yalipofutwa mwezi wa Juni 2021, wakarudi kwao bila ya hukumu yoyote. Siku zile Waislamu wengi walilia na kuuliza: Wako wapi mawakili? Basi ajabu ni kwamba anayelilia wakili kwa ajili ya sheikh wake ndiye huyo anayemtukana wakili kwa ajili ya kijana wa jirani. Haki ikiwa twaitaka kwa mtu wetu tu, si haki tunayoitaka. Ni mtu wetu tunayemtaka.

Sasa tuje kwenye mipaka, kwani wakili naye asije akadhani kwamba waraka huu umemwandikia ruhusa ya kila kitu.

Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Ummu Salama ametueleza kwamba yeye ni mwanaadamu, huletewa mashauri, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alivyosikika, lakini atakayekatiwa haki ya nduguye kwa njia hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Wakili ayaandike maneno haya moyoni mwake. Si halali kwake kusema uwongo, wala kumfundisha shahidi uwongo, wala kumtisha aliyeonewa, wala kumpa hakimu au karani kitu cha mkononi. Akifanya mojawapo katika hayo, basi aya ya 105 yamhusu, na chumo lake katika shauri lile ni haramu, hata akiwa amelipwa na serikali.

Na ikiwa mteja amemwambia kwa siri kwamba kosa amelifanya? Hapo asisimame kusema hakulifanya, kwani huo ni uwongo. Lakini yako aliyoruhusiwa. Ana haki ya kutaka ushahidi uletwe kama inavyopasa, kwani mzigo wa kuthibitisha haukumwondokea mwenye kudai. Ana haki ya kuzuia mtu asihukumiwe kwa kosa kubwa kuliko alilolitenda, wala kwa maneno yaliyotolewa kwa kipigo. Ana haki ya kumwombea huruma. Maiz bin Malik alipokuja mwenyewe kukiri, Mtume (S.A.W.) alimpa kisogo mara baada ya mara, akauliza kama ana wazimu, akamfungulia mlango wa kujirudi. Na wanavyuoni wamekubaliana kwamba hudud huepushwa kwa shubha, na imepokewa kwamba imamu kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Mahakama zetu hazihukumu kwa hudud, lakini adabu hii ni ya kila hukumu.

Na lililo bora kuliko yote ni kumshauri mteja wake arudi katika haki. Mtume (S.A.W.) alipoamrisha kumnusuru ndugu akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa, masahaba waliuliza: Dhalimu atanusuriwaje? Akajibu kwamba kumnusuru ni kumzuia na dhulma. Basi wakili ambaye mteja wake ametoka mlangoni mwa mahakama hali ameshinda, na mali ya watu ingali ndani ya nyumba yake, hakumnusuru bado. Amemtoa katika moto mdogo akamwacha katika mkubwa.

Hapa ndipo panapoingia mlango wa sulhu. Tuseme kijana ameiba korosho za jirani, na ushahidi umetimia. Akifungwa miaka, mwenye korosho hakupata hata punje. Mke wa mfungwa na watoto watakula nini. Na siku ya kutoka, majirani wawili wamekuwa maadui wa milele. Lakini akikiri, akarudisha alichoiba au akakifanyia kazi shambani mpaka kikalipika, akaomba radhi mbele ya wazee, mwenye mali amepata haki yake, na mkosa amepata toba, na mji umepata salama. Qurani katika khabari ya kisasi imeacha mlango wa msamaha na diya uwazi hata katika damu, nayo katika Suratu Shura, aya ya 40, imeweka ujira wa anayesamehe na kusuluhisha juu ya Mwenyezi Mungu mwenyewe. Sheria ya serikali nayo haikuufunga mlango huu. Katika makosa madogo yaliyo baina ya mtu na mtu, kama kupigana, mahakama huweza kuwapatanisha wagomvi, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humruhusu hakimu kumpa mkosa kazi ya kuwafaa watu badala ya jela. Wakili mwema huzijua njia hizi, na huwaambia wasiozijua.

Mfano mkubwa wa mwendo huu katika zama zetu ni Muislamu wa Afrika Kusini, Abdullah Omar, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa wakili wa wafungwa wa siasa, na akamwakilisha Nelson Mandela alipokuwa kifungoni. Alifungwa bila ya hukumu, na ikaja kujulikana kwamba maajenti wa serikali walipanga kumuua. Mwaka 1994 akawa Waziri wa Sheria. Ulimi na kalamu sasa vilikuwa mkononi mwake, na waliomtesa walikuwa chini yake. Hakuchagua kisasi. Yeye ndiye aliyepeleka bungeni sheria ya mwaka 1995 iliyoweka Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambapo mkosa husema aliyoyatenda hadharani na aliyeonewa husikilizwa. Lakini tuseme na upande wa pili: wengi walioonewa walilalamika kwamba wakosa walipata msamaha upesi, na fidia ikachelewa, tena ikawa ndogo. Hilo nalo ni somo. Sulhu isiyomrudishia aliyeonewa kitu ni nusu ya sulhu.

Na sisi hapa tuna sulhu ambayo si nusu, bali ni haramu tupu. Ndugu zangu, hili lazima lisemwe. Binti mdogo huharibiwa na mtu mzima. Baba na wajomba hukutana usiku na jamaa za mkosa. Hutolewa mbuzi, hutolewa fedha, hunywewa chai, husomwa Fatiha, na asubuhi watu huambiwa yamekwisha kifamilia. Shahidi hatokei mahakamani, na faili hufungwa. Mtoto yule huendelea kukutana na adui yake njiani anapokwenda kuteka maji. Wanaofanya hivi husema: Si Uislamu umehimiza sulhu?

Twawajibu kwa hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba sulhu yajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharimisha halali. Na twawajibu kwa kisa cha kijana wa kazi aliyezini na mke wa tajiri wake, baba yake akatoa fidia ya kondoo mia na mjakazi ili yaishe. Walipofika kwa Mtume (S.A.W.), alizirudisha fidia zote kwa mwenyewe, na hukumu ikapita. Na hao walikuwa ni watu wazima walioridhiana! Itakuwaje kwa mtoto aliyelazimishwa? Haki ile si ya mjomba hata aiuze, wala si ya baba hata aisamehe. Msamaha ni wa aliyeumizwa, na mtoto hana msamaha wa kutoa. Na palipo khofu ya kwamba mkosa ataharibu wengine, haki ni ya umma wote.

Basi mpima wa sulhu ya kweli ni mambo manne, yahifadhini: kwamba mkosa amekiri kweli wala hakununua kimya; kwamba aliyeonewa ameridhi kwa hiari yake, si kwa kutishwa na ukoo; kwamba kilichoharibika kimetengenezwa kadiri ya uwezo; na kwamba watu wengine wamesalimika na shari yake. Likikosekana moja, hiyo si sulhu. Ni biashara ya dhulma. Na wakili anayeiendesha biashara hiyo ni dalali wake, hata akiitwa mtetezi wa maskini.

Basi hili ndilo jawabu letu kwa aliyeuliza, na kwa kila mzazi aliye na suala kama lake. Kazi ya kumtetea mshitakiwa ni halali. Na kwa maskini asiye na wa kumsemea, twaona ni katika faradhi za kutoshelezana, wakikosekana wa kuifanya umma wote una dhima. Chumo lake ni halali maadamu ulimi wake ni wa kweli, nayo yafaa kwa chakula, na kwa sadaka, na kwa Hija. Atakayeitia haramu ni wakili mwenyewe kwa uwongo wake, si mshitakiwa kwa tuhuma yake. Na mzazi wa wakili amuulize mwanawe si kwamba amewatetea nani, bali kwamba amewatetea kwa nini: kwa kweli au kwa hila?

Ama nyinyi majirani, killa mmoja wenu aikumbuke Siku ambayo atasimama peke yake, vitabu vimefunuliwa, na viungo vyake vyamshuhudia. Siku hiyo hapana atakayependa kuhukumiwa kwa kelele za watu. Kila mmoja atatamani asikilizwe, na atatamani shafaa. Basi anayeitamani shafaa kesho, asimnyime mwenziwe msemaji leo.

Ewe Mola wetu, tuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa, utupe ndimi za kweli na nyoyo za kusuluhisha, na uwape subira waliofungwa bila ya hatia, uwafungulie. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.